Mwimbaji Aimbe, na Sisi Je?

Ninao rafiki watatu, wote walimu wastaafu kama mimi, ambao hukutana nami jioni kwenye baraza ya nyumba yangu kunywa kahawa na kuisahihisha dunia kama tulivyokuwa tukisahihisha madaftari. Hatukubaliani mara nyingi, na ndiyo raha yenyewe. Lakini ipo kauli moja ambayo sote wanne tulikuwa tukiitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza: "Mwimbaji aimbe, askari alinde, siasa waachiwe wenyewe." Mimi mwenyewe nimeitamka mara nyingi. Leo naiandikia makala hii ili kuikana, na nitaeleza kwa nini.

Kilichonifanya nianze kuitilia shaka ni mambo ya mbali, ya Marekani, ambayo mjukuu wangu mmoja alinisimulia kwa kirefu, nami nikacheka sana. Mwaka 2010 mwimbaji wa kike aitwaye Lady Gaga, aliyekuwa kwenye kilele cha umaarufu wake, alikwenda kupokea tuzo za muziki mwezi Septemba akifuatana na watu wanne waliokuwa wameondolewa au wamejiondoa jeshini. Usiku uleule akapanda jukwaani amevaa gauni lililoshonwa kwa nyama mbichi ya ng'ombe. Naam, msomaji, nyama ya buchani. Siku chache baadaye, Septemba 20, alisimama mbele ya umati katika mji wa Portland, jimbo la Maine, akahutubia juu ya sheria ya jeshi. Katika hotuba hiyo alifananisha usawa wa raia na kipande kinono cha nyama ya ubavuni, akauliza kwa nini wengine wanyimwe.

"Babu, unacheka nini?" mjukuu wangu aliniuliza.

"Nacheka nyama," nikamjibu. "Toka lini mambo ya jeshi yakaamuliwa na mtu aliyevaa kitoweo?"

Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa Babu, wale watu wanne waliondoka jeshini kwa kosa gani?" Sikujua. Nilikuwa nimecheka kabla ya kuuliza, kosa ambalo kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa nikiwachapa watoto kwa ajili yake.

Basi nilisoma. Kwa miaka mingi jeshi la Marekani lilikuwa likiwafukuza askari wenye mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 1975 Leonard Matlovich, askari wa jeshi la anga aliyepigana Vietnam na kutunukiwa nishani, aliwaeleza wakubwa wake waziwazi kwamba yeye ni mmoja wa watu hao, nao wakamwondoa. Alifariki mwaka 1988, na kwenye kaburi lake mjini Washington yapo maneno aliyoyatunga mwenyewe, yasemayo kwamba jeshi lilimpa nishani kwa kuwaua wanaume wawili na kumfukuza kwa kumpenda mmoja. Nilipoyasoma maneno hayo niliweka kikombe chini.

Mwaka 1992 Bill Clinton aliahidi katika kampeni zake kwamba akichaguliwa angeliondoa katazo hilo. Alichaguliwa, akakutana na upinzani mkali wa majenerali na wabunge, na mwaka 1993 wakafikia suluhu ambayo iliingizwa katika sheria. Watu waliiita kwa kifupi "Usiulize, usiseme". Maana yake ni kwamba mkuu wa kikosi asimwulize askari anampenda nani, na askari naye asiseme. Akinyamaza, atumikie. Akisema, au ikagundulika kwa barua, kwa picha, au kwa mdomo wa jirani, afukuzwe. Chini ya sheria hiyo walifukuzwa watu zaidi ya 13,000 kabla haijaondolewa. Miongoni mwao walikuwamo makumi ya wajuzi wa Kiarabu, katika miaka ileile ambayo Marekani ilikuwa ikipigana Irak na ikihangaika kutafuta wakalimani.

Sasa niirudie kauli yetu ya barazani, kwamba mwimbaji aimbe na siasa awaachie wenyewe. Wenyewe ni akina nani? Hapa kwetu, mwaka 1955, TANU ilikuwa changa na wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Aliyekwenda kuwaita ni Bibi Titi Mohamed. Hakuwa wakili wala mwalimu wa chuo, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa ngoma za akina mama hapo Dar es Salaam. Alipita katika vikundi vilevile vya ngoma, akazungumza na watu waliokwisha kuijua sauti yake, na wanawake wakajiunga kwa maelfu. Kama angetokea mwalimu mkuu mmoja wa wakati ule akamwambia, "Bibi, wewe imba tu," uhuru wetu ungekuwa umepoteza mguu mmoja.

Miriam Makeba naye alikuwa mwimbaji. Mwaka 1963 alikwenda Umoja wa Mataifa kueleza ukatili wa serikali ya makaburu. Serikali ile ikamnyang'anya uraia na kuzipiga marufuku sahani zake za muziki. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule hatukusema kwamba anaingilia yasiyomhusu. Tulimpigia makofi. Kumbe basi hatuwakatai waimbaji wanaoingia katika siasa, tunawakataa wanaotetea watu tusiowapenda. Tuseme hivyo waziwazi, na tuache kuisingizia sanaa.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba nimegeuka mpiga debe wa kila mtu maarufu anayeshika kipaza sauti. La hasha. Wapo wanaovaa mateso ya wengine kama kofia ya sikukuu, na picha ikishapigwa wanaivua. Ili nieleze tofauti nitamchukua mtu mmoja aliyeonyesha pande zote mbili, naye ni Muhammad Ali.

Mwezi Aprili 1967 Ali alikataa kuingizwa jeshini kwenda Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa wa dunia, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na ingawa hakuingia gerezani kwa sababu alikata rufaa, hakupigana ulingoni hadi Oktoba 1970. Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia hatia mwaka 1971, lakini miaka mizuri ya mwili wake ilikuwa imekwisha kupotea. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane naye, lakini hawezi kusema kwamba alitafuta sifa za bure. Alilipa kutoka mfukoni mwake.

Februari 1980 Ali huyohuyo aliletwa kwetu. Rais Carter alimtuma Afrika kuzishawishi nchi zetu zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Warusi walikuwa wameivamia Afghanistan. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na kila mtoto wa shule alijua jina la Ali kuliko alivyojua jina la mkuu wake wa mkoa. Lakini Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Waandishi wa habari wakamwuliza Ali swali rahisi: mwaka 1976 sisi tulipoisusia Montreal kwa ajili ya ndugu zetu wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Hakuwa na jibu, na alikiri kwamba hakuelezwa mambo yote kabla ya kutumwa. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha, ambazo hadi naandika haya ndizo pekee tulizowahi kuzipata katika Olimpiki.

Ni mtu yuleyule, mwenye umaarufu uleule. Mwaka 1967 alisema neno lake mwenyewe, analijua, na lilimgharimu. Mwaka 1980 alibeba neno la mtu mwingine, halijui, na lisingemgharimu kitu. Kwa hiyo swali la kumwuliza mtu maarufu si "Nani kakuruhusu kusema?" Maswali ni haya matatu: Unalijua jambo lenyewe? Unatoa nini wewe? Na wale wanaoumia wako wapi, umewaleta au umejileta mwenyewe?

Tumpime mwimbaji wetu kwa maswali hayo, bila upendeleo. Katika hotuba yake ya Portland alisema jambo ambalo mimi, kama mtu aliyeongoza taasisi, siwezi kulikubali. Alipendekeza kwamba badala ya kuwafukuza askari wenye mapenzi ya jinsia moja, wafukuzwe wale wasiotaka kutumikia pamoja nao. Jeshi halimfukuzi mtu kwa yaliyo moyoni mwake, wala shule haimfukuzi mtoto kwa hilo. Linadai nidhamu ya matendo, basi. Kama ingelikuwa sheria ya mwimbaji ndiyo iliyopita, tungekuwa tumebadilisha msako mmoja kwa msako mwingine. Hapo alikosea, na uzuri wa sauti haulifuti kosa hilo.

Tena tusimpe sifa isiyo yake. Alikwenda Maine kuwashawishi maseneta wawili wa jimbo hilo, Olympia Snowe na Susan Collins. Kesho yake, Septemba 21, Seneti ilipiga kura. Zilihitajika 60 ili mjadala uendelee, zikapatikana 56, na maseneta hao wawili hawakuwa miongoni mwake. Ngoma ilipigwa usiku kucha na mvua haikunyesha.

Mvua ililetwa na mashahidi. Mwezi Februari mwaka huohuo Admirali Mike Mullen, Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, alikuwa amekwenda mbele ya Kamati ya Seneti na kusema kwamba, kwa maoni yake binafsi, anasumbuliwa na sheria inayowalazimisha vijana kudanganya kuhusu nafsi zao ili wapate kuwalinda raia wenzao. Mwezi Novemba ikatoka taarifa ya Wizara ya Ulinzi. Askari wapatao 400,000 walipelekewa maswali, na wapatao 115,000 wakajibu. Kiasi cha saba katika kila kumi walisema kuondolewa kwa sheria hiyo kungekuwa na matokeo mema, ya mchanganyiko, au hakungekuwa na athari yoyote. Desemba 18 Seneti ikaiondoa kwa kura 65 dhidi ya 31, Collins na Snowe wakiwamo katika walioikubali, na Collins mwenyewe akiwa mmoja wa walioushughulikia muswada huo. Rais Obama alitia sahihi Desemba 22, na katazo likafa rasmi Septemba 20, 2011.

Lakini swali la tatu mwimbaji yule alilijibu vizuri kuliko sisi wote. Aliwaleta wenyewe. Usiku wa tuzo, wakati kamera zote zilikuwa zikimtafuta yeye, alitembea na watu walioumizwa na sheria hiyo, na watu wakalazimika kuuliza, kama mjukuu wangu alivyoniuliza mimi: hawa walikosa nini? Kazi ya ngoma ni kuita watu, siyo kutoa hukumu. Nami niliitwa na ngoma hiyo, ingawa nilifika nikicheka.

Rafiki yangu mmoja wa barazani, ambaye siku zake zote amekuwa mtu wa hoja, ananiambia kwamba hayo yote ni mambo ya Wazungu na jeshi ni jambo jingine. Watu wanalala pamoja, wanaoga pamoja, wanafia pamoja. Ukileta jambo la namna hii umevunja umoja wa kikosi. Hoja hii siidharau. Ndiyo hoja waliyoitumia majenerali wengi wa Marekani, watu walioona vita kwa macho yao.

Ila mimi pia nimelala katika hanga. Nilipitia Jeshi la Kujenga Taifa kama vijana wote wa vyuo wa wakati wangu. Nimekimbia mchakamchaka alfajiri, nimelima, nimepiga kwata juani mpaka nikasahau jina langu. Najua kilichokuwa kikivunja hanga letu. Lilivunjwa na mwizi wa sabuni ambaye hakujitaja, tukaadhibiwa wote. Lilivunjwa na mtu mmoja aliyekuwa akipeleka maneno kwa afande usiku. Wizi na usaliti ndivyo vilivyotufanya tulale tukiangaliana. Kikosi hujengwa kwa kuaminiana, na huwezi kumjengea mtu uaminifu kwa kumwamuru awadanganye wenzake kila siku kuhusu barua anayoiandika nyumbani na picha anayoificha kwenye begi. Admirali Mullen alisema jambo hilohilo kwa lugha yake. Na matokeo yameonekana. Jenerali James Amos, mkuu wa kikosi cha Marine, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa mabadiliko hayo mwaka 2010, alikiri mwishoni mwa 2011 kwamba utekelezaji ulikwenda vizuri. Jeshi lile halikusambaratika. Uingereza iliondoa katazo kama hilo Januari 2000, baada ya kushindwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na jeshi lake lipo.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuishia, kwa sababu mpaka hapa nimekuwa nikiwahukumu watu wa mbali. Lakini mwalimu anayesahihisha madaftari ya wengine na kulificha lake ni mwalimu mbaya.

Katika miaka ya 1980, katika shule moja ya bweni niliyoiongoza, nilikuwa na mwalimu wa hisabati ambaye sijapata kumwona wa kumfikia. Wavulana waliokuwa wakiiogopa aljebra kama chatu walitoka kwake wakiiota. Alikuwa kijana, hakuoa, mpole, anapenda kukaa peke yake na redio yake. Ukazuka uvumi. Hakuna mwanafunzi aliyelalamika, wala mzazi aliyeleta shutuma yoyote ya kitendo. Ulikuwa uvumi tu, wa chumba cha walimu, kwamba "yule bwana hayuko sawa". Wakubwa wakaniita na kuniuliza kama nasikia yanayosemwa. Nilisema nasikia. Hawakuniuliza kama ni kweli, nami sikusema kwamba sina ushahidi wowote na kwamba huyu ndiye mwalimu bora niliye naye. Baada ya wiki tatu ilikuja barua ya uhamisho kwenda mbali sana, ya kumpeleka mahali ambapo ilijulikana kwamba mtu hupelekwa ili ajiuzulu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkabidhi barua hiyo. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Asante, Mwalimu Mkuu." Hakuniuliza, nami sikusema. Alifanya kazi huko muhula mmoja, akaacha ualimu.

Mpaka leo sijui kama uvumi ule ulikuwa na ukweli, na nimefika umri wa kuelewa kwamba haikuwa kazi yangu kuujua. Kazi yangu ilikuwa kujua kama anafundisha, kama anawaheshimu watoto, kama anatimiza wajibu wake. Yote matatu niliyajua, na jibu lilikuwa ndiyo. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kwamba anayemtetea mtu wa namna hiyo naye atatazamwa vibaya. Hiyo ndiyo sababu yote, na haina jina zuri.

Kwa hiyo ninaposikia watu wenye heshima zao wakimcheka mwimbaji kwa kuingia katika jambo lisilomhusu, najiuliza: waliohusika walikuwa wapi? Sheria ya "Usiulize, usiseme" iliishi miaka 17. Katika miaka hiyo walikuwapo majenerali waliojua kwamba makapteni wao hodari wanaishi kwa kujificha. Walikuwapo wachungaji wa jeshi, madaktari wa jeshi, walimu wa vyuo vya kijeshi. Wachache walisema, nitamtaja kwa heshima Barry Goldwater, mzee wa siasa za kihafidhina, aliyeandika mwaka 1993 kwamba la muhimu ni askari kupiga shabaha sawasawa, si anampenda nani. Wengi walinyamaza mpaka wastaafu. Wenye hekima walipokaa kimya, nafasi ikabaki wazi, na aliyekuja kuijaza alikuja na gauni la nyama. Halafu tunalalamika juu ya gauni!

Najua msomaji anaweza kunijibu kwamba sheria za nchi yetu anazijua na dini yake anayo. Yangu ninayo pia, na sikuandika makala hii kumfundisha mtu nini aamini juu ya ndoa na mapenzi. Naandika juu ya jambo dogo kuliko hilo na la zamani kuliko hilo: mtu aliyetimiza wajibu wake asihukumiwe kwa mnong'ono, na anayejua hivyo asinyamaze. Juni 2024 Rais Biden alitoa msamaha kwa askari wa zamani waliotiwa hatiani na mahakama za kijeshi kwa miaka mingi kwa sababu ya mapenzi ya hiari ya jinsia moja. Wengine walikuwa wazee wa umri wangu, na wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa. Msamaha uliochelewa kiasi hicho unawafaa zaidi waliobaki kuliko waliokosewa.

Nimewaambia rafiki zangu wa barazani kwamba kauli yetu ya zamani siitikii tena. Wamenicheka, kisha mmoja wao, ambaye naye alikuwa mwalimu mkuu, akanyamaza kwa muda mrefu, akaomba aongezewe kahawa. Sikumwuliza. Lakini kama siku moja atataka kusema, nitamsikiliza.